Mtambo wa Kuondoa Chumvi Umepungua Nguvu: Urekebishe Uchujaji wa Awali, Uoshe Membreni au Uzibadilishe?

Mwenye kiwanda cha barafu mjini Malindi anapoona tangi la maji safi linachelewa kujaa, au msimamizi wa hoteli ya Shela anapoonja chumvi katika maji ambayo mwezi uliopita hayakuwa na chumvi hata kidogo, swali linalomjia ni lile lile: je, tatizo litibiwe mbele ya mtambo, kwenye matangi ya mchanga, katriji (vichujio vidogo vya kubadilishwa) na pampu za dawa, au membreni zenyewe, yaani tando zinazotenga chumvi, zioshwe kwa asidi na kostiki (soda kali), au zitolewe na kuwekwa mpya? Njia zote tatu ni sahihi, na kila moja nimeiona ikiokoa mtambo uliokuwa umekatiwa tamaa. Vilevile kila moja nimeiona ikila fedha za watu bila kuongeza hata ndoo moja ya maji, kwa sababu ilichaguliwa kabla geji hazijasomwa.

Ninayoyaandika hapa yanawahusu wenye mitambo ya wastani, yenye membreni za inchi 4 au inchi 8, inayovuta maji ya chumvichumvi ya visima vya Malindi, Watamu, Lamu na Manda, au maji ya bahari yenyewe. Mitambo hii hufanya kazi kwa namna moja: maji hupita kwanza kwenye mchanga na katriji ili yaache uchafu wake, hutiwa dawa, kisha pampu ya shinikizo kubwa huyasukuma kwenye utando uliokunjwa kama mkeka ndani ya bomba. Sehemu moja hutoka ikiwa safi na sehemu nyingine hutupwa ikiwa imebeba karibu chumvi yote. Kwa maji ya chumvichumvi, shinikizo la baa 10 hadi 20 hutosha kwa kawaida. Kwa maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, huhitajika baa 55 hadi 70.

Kwanza, hakikisha kwamba mtambo ndio mgonjwa

Kuna mambo mawili yanayofanana sana na ugonjwa wa membreni ilhali hayatokani na membreni.

La kwanza ni joto la maji. Utando hupitisha maji machache zaidi kadiri maji yanavyopoa, na kwa makisio ya kazini kila digrii moja ya Selsiasi hubadilisha kiwango cha maji safi kwa takriban asilimia 3. Bahari yetu huwa na joto jingi mwezi Machi na Aprili, kisha hupoa kusi inaposhika, hasa Julai na Agosti. Tofauti ya digrii 4 pekee inaweza kupunguza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji safi, na mtu asiyepima joto atasadiki kwamba membreni zimeziba. Ndiyo sababu watengenezaji wote hutaka kiwango cha maji kirekebishwe kwa hesabu hadi kwenye digrii 25 kabla ya kulinganishwa na cha siku mtambo ulipowashwa.

La pili ni kisima. Chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mji wa Lamu huchota maji yake, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni iliyoandikwa na Badon Ghijben mwaka 1888, na ambayo Herzberg aliifikia naye mwaka 1901, husema kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa hiyo anayevuta kwa pupa hadi uso wa maji kisimani ushuke kwa nusu mita, anakaribisha chumvi ipande mita 20 kutoka chini. Chumvi ya kisima ikiongezeka, maji safi nayo huongezeka chumvi hata kama membreni hazina kasoro, na shinikizo lile lile hutoa maji machache. Dawa yake ni kupunguza kasi ya pampu na kuigawa kazi kwa saa nyingi zaidi za siku, na katika hali hiyo hakuna hata moja kati ya njia tatu tunazozilinganisha itakayosaidia. Pima chumvi ya maji yanayoingia kabla ya kupima ya yanayotoka.

Kipimo muhimu zaidi ni uwiano wa viwili hivyo. Maji yanayoingia yakisoma mikrosimensi 4,000 (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme) na safi yakisoma 80, chumvi inayopenya ni asilimia 2. Kisima kikipanda hadi 6,000 na maji safi hadi 120, bado ni asilimia 2, na utando uko salama.

Vigezo vya kulinganishia

Njia hizi nitazipima kwa mambo matano: dalili ambazo kila moja huzitibu, muda ambao mtambo utasimama, gharama pamoja na usafiri, ujuzi na usalama wa watu, na muda ambao nafuu itadumu. Sikuweka bei kwa shilingi, kwa kuwa hubadilika na ukubwa wa mtambo, na atakayezinukuu mwaka ujao atakuwa amepotoshwa.

Dalili ambazo kila njia huzitibu

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Uchujaji wa awali ndio unaostahili kuguswa kwanza pale ambapo katriji za mikroni 5 zilizokuwa zikidumu mwezi sasa zinajaa kwa wiki moja, au pale ambapo tofauti ya shinikizo kati ya upande wa kuingia na wa kutoka wa tangi la mchanga hairudi chini hata baada ya kuoshwa kwa maji ya kurudi nyuma. Ifungue katriji na uitazame. Wekundu wa kutu ni chuma cha kisimani kilichokutana na hewa; rangi ya udongo ni matope; weupe unaoelekea manjano, pamoja na harufu ya yai lililooza kisimani, ni salfa iliyogeuka chembe ngumu baada ya hewa kuingia kwenye bomba la kuvutia; na utelezi unaovutika kidoleni ni vijidudu. Salfa naitaja kwa tahadhari maalumu, kwa sababu ikishafika kwenye utando haioshiki kwa urahisi, na tiba ya kweli ni kuziba uvujaji wa hewa kwenye bomba na si kununua dawa ya kuoshea.

Wanaovuta bahari ya Malindi wana adui anayejulikana kwa majira yake. Mto Sabaki, uliokusanya udongo kuanzia nyanda za juu ukiitwa Athi na kupita Tsavo ukiitwa Galana, huingia baharini kaskazini mwa mji, na wakati wa kaskazi mkondo huyasukuma matope yake kusini kuelekea ghuba ya Malindi. Mtambo uliopimwa na kukubaliwa mwezi Agosti, maji yakiwa yamekwenda upande wa pili, haujaonyesha bado kama matangi yake ya mchanga yanatosha.

Kipo kipimo cha uzibaji ambacho kila mtambo wa viwandani ungepaswa kuwa nacho, na vifaa vyake hutoshea kwenye sanduku dogo. Maji yaliyokwisha kupita kwenye katriji husukumwa kwa baa 2.1 kupitia karatasi ya kuchujia yenye matundu ya mikroni 0.45, na hupimwa sekunde zinazohitajika kujaza nusu lita mwanzoni na tena baada ya dakika 15. Tuseme mwanzoni zilikuwa sekunde 25 na baadaye zikawa 50: nusu ya uwezo wa karatasi imepotea, yaani asilimia 50, na ukigawa kwa 15 unapata 3.3. Watengenezaji wengi hukubali hadi 5, lakini hupendelea chini ya 3. Kipimo kikizidi 5, kuosha au kubadilisha membreni kabla ya kurekebisha mchanga ni kufua nguo na kuianika kwenye vumbi.

Kuosha membreni kwa dawa hufaa pale ambapo mambo yameharibika polepole. Kanuni ya kawaida ni kuosha mara kiwango cha maji safi, kikiwa kimerekebishwa kwa joto, kinapopungua kwa asilimia 10, au chumvi inayopenya inapoongezeka kwa asilimia 5 hadi 10 ya ilivyokuwa, au tofauti ya shinikizo kutoka mwanzo hadi mwisho wa mabomba inapopanda kwa asilimia 10 hadi 15. Mahali palipoziba huelekeza dawa ya kutumia. Uchafu unaokusanyika kwenye membreni za mwanzo, huku tofauti ya shinikizo ikipanda sana na chumvi ikibaki karibu ilivyokuwa, kwa kawaida ni matope au utelezi wa vijidudu, na huo huondolewa kwa kostiki. Uchafu ulio kwenye membreni za mwisho, ambako maji yamekuwa mazito kwa chumvi, ni ukoko, na katika visima vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kama vilivyo vingi vya Malindi na Watamu, ukoko huo mara nyingi ni ule ule wa chokaa unaouona ndani ya birika, nao huyeyuka kwa asidi ya sitriki. Ukoko wa salfeti, hasa wa bariamu, ni jambo jingine: asidi hiyo haiugusi.

Kubadilisha membreni ndiyo njia ya pekee pale ambapo utando wenyewe umeharibika. Dalili iliyo wazi zaidi ni ile ambayo huwafurahisha watu kwa makosa: maji safi yanaongezeka, pampu inafanya kazi kwa shinikizo dogo, lakini chumvi inapanda. Hiyo ni alama ya klorini. Utando wa poliamaidi, ambao ndio unaotumika karibu katika mitambo yote ya leo, hauvumilii klorini. Maji yanayoufikia yanapaswa kuwa na chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Ukishachomwa, hakuna dawa itakayourudisha. Hali nyingine ni membreni zilizochomoza katikati kama darubini ya nahodha kwa kusukumwa kwa nguvu nyingi kupita kiasi, na zile ambazo zimetumika miaka 5 au zaidi na sasa kila baada ya kuoshwa hushuka tena kwa haraka kuliko mara iliyotangulia.

Hata hivyo, chumvi ikipanda ghafla, siku moja kwa nyingine, usiagize membreni. Pima chumvi ya maji safi ya kila bomba la shinikizo peke yake. Mabomba yote yakiwa sawa isipokuwa moja, ingiza mpira mwembamba ndani ya njia ya maji safi ya bomba hilo na upime hatua kwa hatua kila baada ya membreni moja. Mahali ambapo kipimo kinaruka ghafla kwenye maungio pana oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia, iliyokatika au kukunjika. Oringi ni kitu cha bei ndogo mno, na huwa naumia ninapokuta membreni nzima zimetupwa kwa ajili yake.

Muda wa mtambo kusimama

Kuosha mchanga kwa maji ya kurudi nyuma na kubadilisha katriji ni kazi ya saa chache. Kutoa mchanga wote na kuweka mpya huchukua siku moja au mbili, kutegemea idadi ya matangi na ya vijana wanaosaidia. Kuosha kwa dawa kunahitaji siku nzima ukiihesabu kwa uaminifu: kuzungusha dawa kwa dakika 30 hadi 60, kuiacha iloweke saa moja au usiku kucha uchafu ukiwa mkaidi, kuzungusha tena, kusuuza, kisha kurudia yote kwa dawa ya pili. Kubadilisha membreni ni kazi ya nusu siku vifaa vikiwepo, lakini zisipokuwa ghalani, subira ya kuziagiza inaweza kufika wiki kadhaa. Kwa kiwanda cha barafu wakati mashua zinaingia na samaki kila alfajiri, subira hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Gharama na usafiri

Uchujaji wa awali ndio wenye gharama ndogo kwa mara moja, lakini ni gharama isiyokoma: katriji, dawa ya kuzuia ukoko, dawa ya kuondoa klorini, na mchanga kila baada ya miaka michache. Kuosha kunahitaji uwekezaji wa mwanzo, yaani tangi la dawa, pampu ya shinikizo dogo, chujio na mabomba ya kurudishia. Baada ya hapo kila uoshaji hugharimu dawa na kazi ya siku moja tu. Asiye na vifaa hivyo hulazimika kukodi fundi kutoka Mombasa pamoja na gari lake, na kwa mtambo mdogo wa membreni mbili au tatu za inchi 4, hesabu hiyo inaweza kukaribia bei ya membreni mpya. Kwa mtambo wa membreni kumi na mbili za inchi 8, haikaribii hata kidogo.

Lamu ina hesabu yake. Kila kitu huvuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha hubebwa kwa mkokoteni au punda hadi mlangoni. Membreni ya inchi 8 ina urefu wa karibu mita moja na uzito wa takriban kilo 15, huja ikiwa na unyevu ndani ya mfuko uliofungwa, na haipaswi kuachwa juani gatini kwa saa nyingi wala kukauka. Madumu ya asidi na kostiki yasipangwe pamoja ndani ya boti moja bila kutenganishwa. Ningemshauri yeyote aliye kisiwani aweke akiba ya katriji za miezi mitatu, oringi za kila aina na dawa ya kuosha mara mbili, kabla ya kufikiria akiba ya membreni.

Katika suala la mchanga, kishawishi cha kuuchota vilimani ni kikubwa, nami nataka kulipinga jambo hilo bila kuzungusha maneno. Mchanga wa kuchujia huchaguliwa kwa ukubwa maalumu, mara nyingi kati ya nusu milimita na milimita moja, nao ni wa kwatsi isiyoyeyuka. Mchanga wa ufukweni una vipande vya matumbawe na kombe ambavyo huongeza chokaa ndani ya maji unayojaribu kuyaondolea ukoko. Ule wa vilimani ni mwembamba na huchukuliwa na maji ya kurudi nyuma. Zaidi ya hayo, vilima vya Shela ndivyo chujio na ghala la maji ya watu wa Amu, na hakuna mtambo wenye thamani ya kuvipunguza.

Ujuzi na usalama

Kazi ya mchanga na katriji inaweza kufanywa na mhudumu yeyote makini aliyefundishwa. Liko kosa moja tu linalojirudia: vitabu vya mitambo huandikwa katika nchi za baridi, na maji yetu ya digrii 28 ni mepesi kiasi kwamba kasi ya kuosha iliyoandikwa kitabuni huenda isitoshe kuunyanyua mchanga. Usiponyanyuka, madonge ya udongo hujengeka ndani, na maji hujitafutia mifereji ya kupita bila kuchujwa.

Kubadilisha membreni kunahitaji mikono miwili yenye subira. Membreni huingizwa kufuata upande wa mtiririko, oringi hupakwa gliserini na kamwe si mafuta ya injini wala grisi ya petroli, na mpangilio wa namba zake huandikwa daftarini ili siku ya uchunguzi ijulikane ipi ilikuwa wapi.

Kuosha kwa dawa ndiko kunakodai ujuzi mkubwa na ndiko kunakoumiza watu. Dawa huchanganywa kwa maji safi ya mtambo wenyewe. Asidi hutiwa ndani ya maji, wala maji hayatiwi ndani ya asidi. Miwani, glavu ndefu na aproni si mapambo. Klorini ya kuulia vijidudu isikutane na asidi kwa hali yoyote, kwa kuwa hutoa gesi inayoua ndani ya chumba kilichofungwa, na vyumba vya mitambo vya hoteli nyingi havina hata dirisha. Mzunguko uwe wa shinikizo dogo, lisilozidi baa 4, na mtiririko wa mita za ujazo 6 hadi 9 kwa saa kwa kila bomba la inchi 8, au karibu 2 kwa la inchi 4. Asidi ya sitriki ya asilimia 2 hutosha kwa chokaa. pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi au kostiki, ikipanda kwa nusu kipimo wakati inazunguka, ni ishara kwamba inakula ukoko na inahitaji kuongezwa. Kostiki hutumika kwa pH ya 11 hadi 12, na joto lake lifuate karatasi ya mtengenezaji wa membreni, kwa sababu kostiki kali ikiwa ya moto huharibu utando. Pakiwapo utelezi pamoja na ukoko, anza na kostiki kisha asidi; asidi ikitangulia inaweza kuugandisha uchafu wa vijidudu. Baada ya kazi, maji ya dawa yachanganywe na kurekebishwa hadi pH ya 6.5 hadi 8.5 kabla ya kutupwa, na yasimwagwe penye mikoko ambako kaa na kamba hulelewa.

Asiyeweza kutimiza hayo yote asioshe mwenyewe. Sioni aibu yoyote katika kumwita anayeweza.

Nafuu hudumu muda gani

Membreni mpya kwenye uchujaji mzuri hudumu miaka 3 hadi 5, na nimeziona zikivuka 7 katika mtambo ambao mhudumu wake hakuwahi kuacha kuandika vipimo. Zikiwekwa kwenye uchujaji mbovu, umri huo hauna maana. Katika kiwanda kimoja cha barafu, nilishiriki kufunga seti mpya kabisa, na sote tulifurahi maji yalipotoka kwa wingi. Baada ya miezi minne chumvi ilikuwa imerudi juu. Pampu ndogo ya metabaisalfaiti, inayoondoa klorini, ilikuwa imeingia hewa na ilikuwa ikilia kila siku bila kusukuma hata tone moja. Sikuwa nimeigusa siku ile ya kazi. Nilisikia mlio wake nikaridhika. Tangu wakati huo, sifungi membreni mpya kabla ya kupima klorini mbele yake kwa macho yangu, na kiasi cha dawa nakihakiki kwa kuangalia dumu limepungua kwa kiasi gani tangu jana. Kwa nadharia, karibu miligramu 1.34 za metabaisalfaiti huondoa miligramu moja ya klorini. Kazini huwekwa mara mbili hadi tatu ya klorini iliyopo, ili pabaki na usalama.

Kuosha hurudisha sehemu kubwa ya uwezo kukifanyika mapema. Kukicheleweshwa hadi theluthi ya maji imepotea, ukoko huwa umekwisha kushikana na mara nyingi hautoki wote. Mtambo unaohitaji kuoshwa mara moja au mbili kwa mwaka unaendelea vizuri; unaohitaji kila mwezi unadai uchujaji wa awali utazamwe upya, na kila uoshaji wa ziada hupunguza kidogo umri wa utando.

Marekebisho ya mbele ya mtambo hayarudishi maji yaliyokwisha kupotea, na hilo ni udhaifu wake wa kweli: mtu hutumia fedha, na siku inayofuata tangi linajaa kwa kasi ile ile ya jana. Faida yake huonekana miezi sita baadaye, katika mstari wa daftari ambao haushuki tena. Kundi hili lina pia hatua moja isiyogharimu chochote kufanyika. Mtambo unaogeuza robo tatu ya maji kuwa safi huifanya chumvi ya maji ya kutupwa kuwa mara nne ya ile iliyoingia. Ukipunguzwa hadi nusu, huwa mara mbili tu. Kwa kisima cha matumbawe kinachosumbua kwa ukoko, kufungua kidogo valvu ya maji ya kutupwa kunaweza kufanya kazi ya madumu mengi ya dawa, mradi kisima kivumilie kuvutwa zaidi.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa una kiwanda cha barafu au cha samaki Malindi, unavuta bahari, na matatizo hukujia kila kaskazi, fedha za mwaka huu ziende kwenye matangi ya mchanga na kile kipimo cha uzibaji, na membreni zioshwe mara moja matope yakishapungua. Ikiwa kisima chako ni cha matumbawe, maji yamepungua polepole, na membreni hazijafika miaka 3, osha kwa asidi sasa na uchunguze pampu ya dawa ya kuzuia ukoko wiki hiyo hiyo.

Hoteli ndogo ya Lamu yenye membreni chache za inchi 4, isiyo na vifaa vya kuoshea wala chumba chenye hewa, inaweza kuona ni nafuu na salama zaidi kubadilisha kila baada ya miaka michache na kutunza katriji kwa bidii. Mwenye mtambo mkubwa kwenye kisiwa hicho hicho atapata faida akinunua vifaa vya kuoshea na kumfundisha mtu wake mmoja. Aliyeona chumvi inapanda huku maji yakiongezeka abadilishe, lakini baada ya kuikamata klorini ilikoingilia. Asiye na daftari la vipimo asichague lolote kwa wiki mbili: aandike kila asubuhi shinikizo la kila geji, kiwango cha maji safi na ya kutupwa, chumvi ya pande zote mbili, joto, pH na klorini, kisha arudi kwenye dalili zilizoelezwa hapo juu.

Na kwa wale wanaofunga hoteli Mei na Juni mvua za masika zinapowaondoa wageni, uamuzi ni wa kuosha kabla ya kufunga, hata kama vipimo bado vinaridhisha, kwa kuwa vijidudu huzaliana haraka ndani ya maji yaliyosimama katika joto letu. Baada ya kuosha, jaza mabomba kwa maji safi yenye asilimia 1 ya metabaisalfaiti, funga valvu zote ili hewa isiingie, na umwachie mlinzi karatasi za kupimia pH pamoja na maagizo ya maandishi: apime mara moja kwa mwezi, na kipimo kikishuka chini ya 3, akupigie simu ili dawa ibadilishwe.